Kufundisha Anatomia ni Kufundisha Kuona

Mwanafunzi wa udaktari anapoingia katika somo la anatomia kwa mara ya kwanza huwa amekwisha kuambiwa na waliomtangulia kwamba mbele yake kuna mlima wa majina, na kwamba atakayekariri zaidi ndiye atakayefaulu. Sababu za kuamini hivyo zipo. Mtu mzima ana mifupa 206, na 27 kati ya hiyo imo katika kila mkono kuanzia kifundo hadi ncha za vidole. Ana jozi 12 za neva za fuvu na jozi 31 zinazotoka kwenye ugwe mgongo. Ana misuli zaidi ya 600, na kila msuli una mahali unapoanzia, mahali unapojishikiza, neva inayouamuru na ateri inayoulisha. Wanaanatomia wenyewe walizidiwa na wingi huo. Mwaka 1895 walikubaliana mjini Basel juu ya orodha moja ya majina ya Kilatini, kwa kuwa kufikia wakati huo sehemu moja ya mwili iliweza kuitwa kwa majina kadhaa kutegemea nchi na mwalimu, na hata baada ya kupunguzwa kote huko, orodha ya kimataifa iliyotolewa mwaka 1998 bado ina maelfu ya majina.

Nimefundisha somo hili kwa muda wa kutosha kuamini kwamba kukariri, pamoja na uzito wake wote, ndiyo sehemu rahisi. Mwanafunzi mwenye bidii hukariri, na akisahau hukariri tena. Sehemu ngumu, ambayo mitihani mingi haiipimi ipasavyo na ambayo ratiba za vyuo zinazidi kuinyima muda, ni kumfundisha aone kilicho mbele yake badala ya kuona alichotarajia kukikuta. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu ya msingi ya anatomia kuwamo katika mafunzo ya udaktari, na mwalimu asiyeilenga anaweza kutoa wanafunzi wenye alama za juu ambao bado ni hatari wakishika kisu.

Historia ya somo lenyewe inaonyesha jinsi kuona kulivyo kugumu. Galen, tabibu aliyezaliwa Pergamon katika karne ya pili na kupata sifa zake Roma, hakuwa na nafasi ya kupasua miili ya watu, kwa hiyo aliwapasua kima, nguruwe na wanyama wengine, kisha akaandika juu ya mwili wa binadamu. Alikuwa mtafiti hodari, na mengi aliyoyaandika yalikuwa sahihi. Tatizo lilianza kwa waliomfuata, ambao kwa zaidi ya miaka elfu moja walivichukua vitabu vyake kama ushahidi usiohitaji kukaguliwa. Upasuaji wa miili ya watu kwa ajili ya mafunzo ulipoanza katika vyuo vikuu vya Ulaya, Mondino de Luzzi akiwa miongoni mwa wa kwanza mjini Bologna mnamo mwaka 1315, ilijengeka desturi ambapo profesa aliketi kwenye kiti cha juu akisoma kitabu, mtu wa pili akakata, na wa tatu akaonyesha kwa kijiti kile kilichotajwa. Wote watatu walikuwa na mwili mbele yao. Hata hivyo taya la chini la binadamu, ambalo kwa mtu mzima ni mfupa mmoja, liliendelea kuelezwa kuwa ni mifupa miwili kwa sababu Galen aliandika hivyo, na mfupa wa kidari uliendelea kuhesabiwa sehemu saba ingawa mezani zilionekana tatu.

Andreas Vesalius alipofundisha Padua alishuka kwenye kile kiti, akashika kisu mwenyewe, na mwaka 1543, akiwa na umri wa miaka 28, akachapisha kitabu kilichosahihisha makosa mengi ya Galen. Wanafunzi wengi husikia habari zake hadi hapo tu, na wanaondoka wakidhani kwamba ilitosha kuwa jasiri. Mimi huwaonyesha pia michoro aliyoichapisha miaka mitano kabla, mwaka 1538, wakati tayari alikuwa mpasuaji mzoefu. Humo ini la binadamu limechorwa likiwa na sehemu tano, na chini ya ubongo kuna wavu wa mishipa ya damu ambao kondoo na ng'ombe wanao lakini binadamu hana. Alivichora kwa sababu alivisoma. Mtu yule yule aliyekuja kuwa mfano wa kuona kwa macho yake mwenyewe alihitaji miaka zaidi ya kazi ili ayaamini macho hayo, na katika kitabu chake kikubwa alikiri wazi kwamba aliwahi kuufuata wavu huo kimakosa. Mwalimu wake wa zamani mjini Paris, Jacobus Sylvius, hakuweza kufika hapo. Aliposhindwa kupatanisha miili na maandishi, alidai kwamba ni miili ya binadamu ndiyo iliyobadilika tangu enzi za Galen.

Ipo pia njia nyingine ya kuona, ambayo huanza kwa kukataa kukubali kile ambacho hakijaonekana. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, aliandika kwamba ukuta unaotenganisha vyumba viwili vikubwa vya moyo ni mzito na hauna vitundu, vile vinavyoonekana wala vile visivyoonekana ambavyo Galen alivihitaji ili damu ipite kutoka kulia kwenda kushoto. Kama ukuta hauna vitundu, alisema, basi damu lazima izungukie kwenye mapafu. Alikuwa sahihi, karne kadhaa kabla ya William Harvey kuchapisha, mwaka 1628, maelezo ya mzunguko mzima wa damu.

Nayasimulia haya katika wiki za mwanzo kwa sababu yale yale hutokea kwenye meza zetu. Kundi la wanafunzi hufungua atlasi, yaani kitabu cha michoro ya mwili, kwenye ukurasa wenye ateri nyekundu, vena za buluu na neva za manjano, kisha wanaanza kukata wakitafuta ukurasa ule ndani ya mwili. Kinachofanana na picha husafishwa kwa uangalifu na kupewa jina. Kisichofanana hukatwa na kutupwa pamoja na mafuta. Baada ya saa mbili mwili umelazimishwa kufanana na kitabu, na tawi la ateri ambalo lingewafundisha jambo la maana kuliko yote ya siku hiyo limo ndani ya ndoo. Hakuna mwanafunzi anayefanya hivyo kwa uzembe. Wanaofanya hivyo zaidi mara nyingi ni wale waliosoma vizuri zaidi usiku uliotangulia.

Ndiyo maana kipindi changu cha kwanza hakianzi na maiti. Huwaomba wanafunzi wakunje mikono ya mashati, waunganishe kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha wakunje kidogo kifundo cha mkono. Kwa wengi wao kano nyembamba huinuka katikati ya kifundo chini ya ngozi, nayo ni ya msuli uitwao palmaris longus. Vitabu vingi husema kwamba takriban mtu mmoja kati ya saba hana msuli huo katika mkono mmoja au yote miwili, ingawa kiwango hutofautiana sana kati ya jamii na jamii. Kila darasa huwa na wachache wanaojitazama na wasione kitu, na utaona wanavyokunja tena kwa nguvu zaidi, wanavyosugua ngozi, wanavyomwangalia jirani. Huwaeleza kwamba hawana kasoro yoyote na kwamba mkono wao haujapungukiwa nguvu. Kano hiyo ina kazi ndogo kiasi kwamba wapasuaji huichukua na kuitumia kurekebisha kano nyingine iliyoharibika. Kisha huwauliza wale walioiona: kama mngekuwa mmesoma juu ya mkono huu kwa mwezi mzima kabla ya kuutazama, je, mngeandika kwamba kano ipo? Wengi hukubali kwamba wangeandika.

Tukishafika mezani, kanuni yangu ni moja na wanafunzi huichoka upesi: jina halitajwi kabla ya maelezo. Mwanafunzi akinyanyua uzi fulani shingoni kwa kibano na kuniuliza, "Mwalimu, hii ni ateri gani?", humuuliza kwanza amejuaje kuwa ni ateri. Aubonyeze. Ateri ina ukuta mzito, na ukiibana kisha ukaiachia hurudia umbo lake. Vena ina ukuta mwembamba na hulala bapa. Neva haina uwazi ndani yake, ni ngumu kiasi kama kamba iliyosokotwa, na haivutiki kirahisi. Vidole hutambua tofauti hiyo mapema kuliko macho, hasa katika mwili uliohifadhiwa kwa formalini, ambamo rangi zote zimeelekea kuwa kahawia au kijivu na misuli imekakamaa. Hapo ndipo mwanafunzi anapogundua kwamba rangi za atlasi zilikuwa makubaliano ya wachoraji. Baada ya kusema ni kitu cha aina gani, aseme kinatoka wapi, kinakwenda wapi, kimepita juu ya nini na chini ya nini, na ni nani majirani zake wa karibu. Akimaliza hayo, mara nyingi jina huja lenyewe, na lisipokuja ni jambo la kulitafuta kitabuni jioni.

Katika kila kundi majukumu huzunguka: mmoja hukata, mmoja hushika na kueleza, mmoja huchora, mmoja hukaa na kitabu. Aliye na kitabu haruhusiwi kusoma kwa sauti mpaka anayeeleza amalize. Naisisitiza kanuni hii kuliko nyingine zote, kwa kuwa bila yenyewe tunarudi moja kwa moja kwenye kile kiti cha juu cha Bologna. Kuchora nako kuna thamani ambayo sijaona chombo kingine kikiifikia. Huhitaji kuwa mchoraji. Mtu anayelazimika kuweka mstari kwenye karatasi hulazimika kuamua mshipa umepinda wapi na umegawanyika kabla au baada ya kuvuka msuli, na swali hilo halimjii anayetazama tu na kutikisa kichwa.

Njia za mishipa zina sababu, na mwanafunzi aliyeelewa sababu huhitaji kukariri kidogo zaidi. Mfano ninaoupenda ni neva ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, inayorudi nyuma, ile inayoendesha karibu misuli yote ya nyuzi za sauti. Chanzo chake ni neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye fuvu, na badala ya kuchepuka shingoni na kuingia kwenye zoloto moja kwa moja, ile ya kushoto hushuka mpaka kifuani, ikapita chini ya upinde wa aota, ateri kuu ya mwili, kisha ikapanda tena hadi shingoni; ya kulia hugeuka juu zaidi, chini ya ateri iliyo nyuma ya mfupa wa mtulinga. Kwa mtazamo wa kwanza njia hiyo haina mantiki. Lakini katika kiinitete moyo na mishipa yake mikubwa huanzia karibu na shingo, neva ikiwa imepita chini ya mishipa hiyo, na mishipa inaposhuka kifuani huivuta neva pamoja nayo. Mwanafunzi aliyelielewa hilo hahitaji kuambiwa kwa nini mgonjwa ambaye sauti yake imekwaruza kwa wiki nyingi anapaswa kupigwa picha ya kifua, maana uvimbe ulio upande wa kushoto wa kifua unaweza kuibana neva mahali ambapo hakuna anayedhani kwamba sauti inapita. Na mpasuaji wa tezi ya thairoidi anajua kwamba neva hiyo hupanda nyuma ya tezi, karibu sana na ateri anayotaka kuifunga.

Kiwambo cha kupumulia kina habari inayofanana na hiyo. Kimekaa kati ya kifua na tumbo, lakini neva yake hutoka kwenye sehemu ya tatu, ya nne na ya tano ya ugwe mgongo wa shingoni, kwa kuwa kilianzia huko kabla ya kushuka. Kwa sababu hiyo mtu ambaye wengu wake umepasuka na damu imekusanyika chini ya kiwambo anaweza kulalamika maumivu ya bega la kushoto, na mwenye uvimbe wa mfuko wa nyongo akaumwa bega la kulia, wakati mabega yenyewe hayana tatizo lolote. Nasikitika kuona vyuo vingi vikiyapunguza masomo ya ukuaji wa kiinitete ili kuokoa muda. Kinachookolewa ni kidogo, kwa sababu ukiondoa sababu unabaki na majina matupu, na majina matupu ndiyo yanayokula muda wa mwanafunzi.

Kama kuna sehemu moja ya mwili ambayo ningebaki nayo iwapo ningepewa saa chache tu za kufundisha, ni pembe ndogo iliyo chini ya ini, kati ya mfuko wa nyongo, mrija mkuu wa nyongo na ini lenyewe. Humo hupita kwa kawaida ateri ya mfuko wa nyongo, na mpasuaji anayetaka kuutoa mfuko huo lazima afunge na kukata vitu viwili: ateri hiyo na mrija mfupi unaotoka kwenye mfuko. Katika kitabu vyote viwili vinaonekana bila shaka yoyote. Katika mwili, mpangilio wa ateri za ini hutofautiana na ule wa kitabuni kwa watu wengi sana. Uchunguzi mbalimbali umetoa viwango vya kati ya robo na karibu nusu. Ateri ya kulia ya ini inaweza kutoka kwenye ateri inayolisha utumbo, ikapita nyuma ya kongosho na kupanda ndani ya pembe ile ile. Inaweza pia kujikunja karibu sana na mfuko wa nyongo kiasi cha kudhaniwa kuwa ndiyo ateri ya mfuko. Mrija wa mfuko unaweza kuwa mfupi mno, au ukashuka sambamba na mrija mkuu kwa muda mrefu kabla ya kuungana nao.

Upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo kwa kamera ulipoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, majeraha ya mrija mkuu wa nyongo yaliongezeka, na uchunguzi ulionyesha kwamba sababu kubwa ilikuwa kutambua vibaya: mpasuaji aliona mrija mkuu, akaamini ni mrija wa mfuko, akaukata. Mikono ilifanya sawasawa kile ambacho akili ilikuwa imeamua. Mwaka 1995 Steven Strasberg na wenzake walieleza utaratibu ambao leo hufundishwa kila mahali: pembe ile isafishwe mafuta na utando wote, sehemu ya chini ya mfuko itenganishwe na ini, na kisionekane chochote kinachoingia kwenye mfuko isipokuwa vitu viwili, viwili tu, kabla ya kitu chochote kukatwa. Nikiusoma utaratibu huo nauona kuwa ni ile ile kanuni ya meza yetu ya wanafunzi, kwamba kitu kionyeshwe kilivyo kabla hakijapewa jina, ikiwa imepelekwa mahali ambapo kosa humgharimu mgonjwa ini lake.

Mambo mengine ya kila siku huwa nayapitia haraka, kwa kuwa wodini watayarudia mara nyingi: kwamba sindano ya matakoni huchomwa robo ya juu ya nje ili kuikwepa neva kubwa ya mguu, kwamba ugwe mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, ndiyo maana maji ya mgongo huvutwa chini ya hapo, kwamba mstari unaounganisha vilele vya mifupa ya nyonga huvuka pingili ya nne ya kiuno na unaweza kupapaswa kwa mgonjwa yeyote. Haya wanafunzi hujifunza vizuri zaidi kwa miili yao wenyewe, wakiwa wamesimama, kwa kupapasana na kuwekeana alama kwa kalamu.

Naulizwa mara kwa mara kama bado kuna haja ya miili, ikiwa programu za kompyuta zinaweza kuuzungusha moyo hewani na kuuondoa ukuta mmoja baada ya mwingine. Programu hizo nazitumia na nazipenda. Vyumba vya maji ndani ya ubongo, kwa mfano, ni vigumu kuvielewa kwenye kipande kilichokatwa, na kwenye kioo mwanafunzi huvielewa kwa dakika chache. Mashine ya mawimbi ya sauti nayo inaonyesha kile ambacho maiti haiwezi kukionyesha kamwe, yaani vali za moyo zikifunguka na kiwambo kikipanda na kushuka. Viungo vilivyohifadhiwa kwa plastiki, kwa njia aliyoibuni Gunther von Hagens mwaka 1977, havina harufu, havichafui, na hupitishwa mkononi mwa darasa zima.

Lakini programu nyingi huonyesha mwili mmoja, uliokwisha kusafishwa na kupewa majina na mtu mwingine. Kazi ya kuona imekwisha kufanywa kabla mwanafunzi hajafika. Kuna jambo ambalo huwaeleza wanaodhani kwamba mwili wa kidijitali ni mwili wa kawaida usio na mwenyewe. Mojawapo ya hazina kubwa za picha zilizotumika kutengeneza programu za namna hii ilitolewa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani mwaka 1994: mwili wa mwanamume uliogandishwa na kupigwa picha tabaka kwa tabaka, kila tabaka likiwa na unene wa milimita moja. Mwanamume huyo alikuwa mfungwa aliyeuawa kwa hukumu ya mahakama katika jimbo la Texas, naye alikuwa amekubali mwili wake utumiwe na sayansi. Hakuwa na kidole tumbo. Hata mwili uliochaguliwa kuwa kielelezo cha dunia nzima haukufuata kitabu.

Kuona huko hakuwezi kuishia kwenye mishipa. Somo hili lina deni la zamani kwa watu ambao waliletwa mezani bila kuulizwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1752 iliufanya upasuaji wa maiti kuwa sehemu ya adhabu ya wauaji. Mjini Edinburgh, mwaka 1828, William Burke na William Hare walikamatwa baada ya kuua watu 16 na kuiuza miili kwa mwalimu wa anatomia Robert Knox, ambaye hakushtakiwa. Sheria iliyofuata mwaka 1832 ilikomesha biashara hiyo kwa kuwapa waalimu miili ya maskini waliofia kwenye nyumba za hifadhi bila ndugu wa kuwadai. Mjini Vienna, chini ya utawala wa Wanazi, taasisi iliyoongozwa na Eduard Pernkopf ilipokea miili ya watu wasiopungua 1,377 waliouawa kwa amri ya mahakama, na atlasi yake, ambayo kwa ubora wa michoro ina wapenzi hadi leo, haiwezi kufunguliwa bila kukumbuka hilo. Katika kila mfano kati ya hii, mwalimu aliuangalia mwili kwa makini sana na hakumwona mtu aliyekuwa nao.

Leo shirikisho la kimataifa la vyama vya wanaanatomia linataka miili itoke kwa watu waliotoa idhini wenyewe wakiwa hai. Nchini Thailand waliotoa miili yao huheshimiwa kwa cheo cha mwalimu mkuu. Nchini Taiwan, katika chuo cha Tzu Chi, wanafunzi hukutana na familia ya aliyetoa mwili kabla ya kuanza, hujifunza aliishi maisha gani, na wakimaliza huushona mwili na kuhudhuria mazishi. Baadhi ya wenzangu hupenda kumwita mtu huyo mgonjwa wa kwanza wa mwanafunzi. Mimi silitumii jina hilo. Mgonjwa huja akitaka kusaidiwa, na mtu huyu hakutaka chochote kwetu. Yeye ndiye aliyetoa. Ninachowataka wanafunzi wafanye ni kuandika, tangu siku ya kwanza, kila alama ya maisha wanayoikuta: kovu la upasuaji, mbavu iliyovunjika na kuunga, mapafu yaliyosheheni masizi, nyonga ya chuma, vidole vilivyopinda kwa kazi. Maelezo hayo yanaingia kwenye daftari lile lile la mishipa, kwa uangalifu ule ule. Mwanafunzi aliyezimia au kutetemeka siku ya kwanza simharakishi. Hukaa kando na kuandika anachokiona kwa mbali, na wengi wao husogea wenyewe kabla ya kipindi kwisha.

Afya ya wanafunzi nayo haipaswi kusahauliwa katika kuzungumzia heshima. Formaldehaidi, iliyomo kwenye formalini, iliwekwa mwaka 2004 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na chumba kisicho na mfumo mzuri wa kuondoa hewa chafu hakifai kufundishia. Njia ya uhifadhi aliyoieleza Walter Thiel wa Graz mwaka 1992 hutumia formalini kidogo na huacha viungo vikikunjika na rangi zikikaribia zile za mwili hai. Ni ghali zaidi, na si kila chuo kinaweza kuimudu, lakini anayepanga bajeti ya maabara afahamu kwamba ipo.

Linabaki suala la mtihani, kwa sababu mwanafunzi husoma anachojua kwamba kitapimwa. Mtihani wa vitendo katika vyuo vingi ni wa vituo: pini imechomwa mahali fulani, kengele inalia, mwanafunzi anaandika jina na kusogea. Siupingi, kwani majina lazima yajulikane. Ila nimeongeza kituo kimoja ambacho mpangilio wake si wa kitabuni. Mwaka mmoja kinaweza kuwa ateri ya ini inayotoka mahali pasipotarajiwa, mwaka mwingine mkono usio na palmaris longus, ukiwa na pini kwenye utando mtupu mahali ambapo kano ingekuwa. Swali la kituo hicho limeandikwa waziwazi: eleza unachokiona, kisha toa jina ukiweza. Sehemu kubwa ya alama imewekwa kwenye maelezo, na anayeandika jina la kitu ambacho hakipo hapati alama yoyote hata kama jina hilo limeandikwa kwa usahihi.

Malalamiko huja kila mara matokeo yanapotoka, na hoja yao ni ya haki kusikilizwa: wanasema hawakufundishwa mpangilio ule. Huwarudisha kwenye meza pamoja na karatasi zao za majibu na kuwaomba waeleze tena, bila saa wala kengele. Karibu wote hueleza sawasawa, kwa hiyo najua kwamba macho yao yanafanya kazi na kwamba kilichowashinda ni haraka ya kutoa jina. Alama zao sizibadilishi. Kituo hicho kitakuwamo pia katika mtihani ujao, na wanafunzi wa sasa wamekwisha kuarifiwa.